Kushona Orodha za Maneno Ubavu kwa Ubavu: Amri ya paste na Utafiti wa Lugha za Kwale

Utangulizi

Pwani ya kusini ya Kenya, kutoka kusini mwa Likoni hadi mpaka wa Tanzania karibu na Vanga, ni eneo dogo ambamo lugha nyingi zinagusana. Kidigo huzungumzwa katika ukanda wa pwani, Diani na Msambweni zikiwemo. Kiduruma huzungumzwa zaidi upande wa bara, katika sehemu za Kinango. Katika kisiwa cha Funzi na vijiji jirani kama Shirazi kuna Chifundi, na Vanga pamoja na kisiwa cha Wasini kuna Kivumba. Chifundi na Kivumba ni lahaja za Kiswahili, ilhali Kidigo na Kiduruma ni miongoni mwa lugha za Kimijikenda. Zote kwa jumla zimo katika kundi la Sabaki, ambalo historia yake ilichambuliwa kwa mapana na Derek Nurse na Thomas Hinnebusch katika kitabu chao cha mwaka 1993.

Kwa sababu hiyo, Kwale ni shamba lenye rutuba kwa mwanafunzi wa isimu linganishi. Mwanafunzi huyo huenda nyanjani akiwa na orodha ya maana mia moja au mia mbili. Kila anapofika huuliza maana zilezile kwa mpangilio uleule, kisha huyaandika majibu kwenye kompyuta, neno moja katika kila mstari. Arudipo chuoni huwa na faili kadhaa: moja ya Kiswahili sanifu, moja ya Kidigo cha Diani, moja ya Chifundi, na kadhalika. Linalobaki ni kuziweka faili hizo ubavu kwa ubavu ili neno la Kidigo litazamane na mwenzake wa Kiswahili. Hapo ndipo ulinganishi unapoanza.

Makala haya yananuia kueleza chombo kimoja kidogo cha kompyuta kinachofanya kazi hiyo, nacho ni amri ya paste. Yataeleza asili yake, namna inavyotumiwa, na hasa kasoro moja ambayo mtafiti wa lugha hana budi kuifahamu: amri hii huunganisha maneno kwa kufuata nafasi zake, wala haitambui maana yake.

Asili ya amri ya paste

Mfumo wa Unix ulianza kuundwa mwaka 1969 katika maabara za Bell Labs nchini Marekani. Falsafa yake ilikuwa kutengeneza programu ndogondogo, kila moja ikifanya kazi moja na kuifanya vyema, kisha kuziunganisha zisaidiane. Amri ya paste ni mojawapo ya programu hizo. Toleo lake la kwanza liliandikwa na Gottfried Luderer wa Bell Labs. Toleo linalopatikana leo katika mifumo mingi ya Linux, lile la mradi wa GNU, liliandikwa na David Ihnat na David MacKenzie. Amri hii imo pia katika sanifu ya POSIX, na kwa hiyo hupatikana katika kompyuta za macOS vilevile. Anayetumia Windows huipata kwa kuweka mazingira ya Linux ndani ya kompyuta yake.

Jina lake lisimchanganye msomaji. Watumiaji wa kompyuta wamezoea kunakili matini mahali pamoja na kuibandika mahali pengine, na kitendo hicho hubeba jina hilohilo la Kiingereza. Amri inayozungumziwa hapa ni jambo jingine. Mfano ulio karibu zaidi nayo ni kazi ya mshona mkeka. Msusi husuka ukili, yaani ule utepe mrefu wa miyaa, kisha tepe hizo hushonwa pamoja ubavu kwa ubavu hadi mkeka upate upana unaotakiwa. Kila faili ni ukili mmoja, na paste ndiyo sindano.

Tofauti yake na amri ya cat iko wazi. Amri ya cat huziweka faili moja chini ya nyingine, hivyo matokeo huongezeka urefu. Amri ya paste huziweka kando kwa kando, hivyo matokeo huongezeka upana.

Namna inavyofanya kazi

Na ichukuliwe kwamba kuna faili mbili. Faili ya kwanza, kiswahili.txt, ina maneno manane ya Kiswahili sanifu. Faili ya pili, kidigo.txt, ina maneno manane ya Kidigo yenye maana hizohizo. Katika dirisha la amri, mtafiti huandika hivi:

paste kiswahili.txt kidigo.txt

Kompyuta hujibu kwa kutoa safu mbili:

jina	dzina
jino	dzino
jicho	dzitso
maji	madzi
jana	dzana
mvua	mvula
njia	njira
kichwa	chitswa

Amri imeuchukua mstari wa kwanza wa kila faili, ikaiunganisha kwa alama ya tabo, ikamaliza mstari, kisha ikaendelea na mstari wa pili hadi mwisho. Faili za asili hazikuguswa. Mtafiti akitaka kuyahifadhi matokeo huyaelekeza kwenye faili mpya:

paste kiswahili.txt kidigo.txt > jedwali.txt

Jedwali hili dogo linatosha kuonyesha thamani ya kuyatazamanisha maneno. Katika mistari mitano ya mwanzo, panapotokea j katika Kiswahili hutokea dz katika Kidigo. Katika jicho na kichwa, ch ya Kiswahili inatazamana na ts. Katika mvua na njia, Kidigo kimehifadhi l na r mahali ambapo Kiswahili kimedondosha konsonanti. Aidha, mstari wa njia unatoa onyo: humo nj imebaki nj katika lugha zote mbili, kwa hiyo kanuni ya j na dz haiwezi kutajwa bila kuangalia mazingira ya sauti. Mambo haya yangechukua muda mrefu kuonekana iwapo orodha zingesomwa moja baada ya nyingine. Ubavu kwa ubavu, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuyaona.

Faili zinaweza kuwa zaidi ya mbili. Mtafiti aliyefika Msambweni, Funzi na Vanga anaweza kuziorodhesha faili zake zote katika amri moja, nazo zitapangwa kwa mfuatano alioutaja.

Vibainishi vya amri

Amri ya paste ina vibainishi vichache, na viwili ndivyo vinavyohitajika mara nyingi.

Cha kwanza ni -d, ambacho hubadilisha kitenganishi. Pasipo kibainishi hiki kitenganishi huwa tabo. Anayetaka mkato badala ya tabo, ili jedwali lifunguliwe kwa urahisi katika programu ya lahajedwali, huandika hivi:

paste -d ',' kiswahili.txt kidigo.txt > jedwali.csv

Vitenganishi vinaweza kuwa zaidi ya kimoja. Katika hali hiyo amri huvitumia kwa zamu: cha kwanza kati ya faili ya kwanza na ya pili, cha pili kati ya faili ya pili na ya tatu, kisha hurudi mwanzo vikiisha. Endapo kitenganishi kitakuwa '\n', yaani alama ya kumaliza mstari, maneno hayatakaa kando kwa kando bali yatapishana: neno la Kiswahili, chini yake la Kidigo, kisha la Kiswahili tena. Mpangilio huo huwafaa wanaotaka kusoma sentensi na tafsiri yake chini yake.

Cha pili ni -s, ambacho hugeuza mwelekeo wa kazi. Badala ya kuchukua mstari mmoja kutoka kila faili, amri huichukua faili nzima na kuilaza katika mstari mmoja kabla ya kwenda kwenye faili inayofuata. Orodha iliyosimama hugeuka kuwa orodha iliyolala.

Kuna pia matumizi ya kistari mahali pa jina la faili. Kistari huiambia amri isome kile inacholetewa badala ya kufungua faili. Baadhi ya watafiti huandika majibu kwa mfuatano: maana, chini yake neno la Kiswahili, chini yake neno la Kidigo, kisha maana nyingine. Daftari la namna hiyo hugeuzwa kuwa jedwali la safu tatu kwa amri hii:

paste - - - < daftari.txt

Kila mistari mitatu hukunjwa kuwa mmoja. Ni njia ya mkato iliyo nzuri, lakini nayo hutegemea sharti kwamba daftari halikuruka mstari hata mmoja.

Kasoro: nafasi bila maana

Sharti hilo linatufikisha kwenye kiini cha makala haya. Amri ya paste haisomi maneno. Haijui kwamba dzino ni jino wala kwamba chitswa ni kichwa. Inachojua ni kwamba mstari wa saba wa faili moja hukaa kando ya mstari wa saba wa faili nyingine. Endapo mstari mmoja utakosekana, amri itaendelea na kazi yake bila kutoa onyo lolote.

Na ichukuliwe kwamba mchapaji aliliruka neno dzino alipokuwa akiandika orodha ya Kidigo. Matokeo yatakuwa haya:

jina	dzina
jino	dzitso
jicho	madzi
maji	dzana
jana	mvula
mvua	njira
njia	chitswa
kichwa	

Kila neno baada ya mstari wa kwanza limehama kwake na kwenda kukaa kwa jirani. La kutisha zaidi ni kwamba pengo limejitokeza mahali pasipo pake. Faili ikiwa fupi kuliko mwenzake, amri huacha nafasi tupu mwishoni. Msomaji wa jedwali hili atadhani kwamba Kidigo hakina neno la kichwa, ilhali neno lipo na lilitajwa waziwazi na aliyehojiwa. Neno lililokosekana ni jingine, na mahali pake pamezibwa.

Yeyote aijuaye Kidigo atagundua kosa hili papo hapo. Hata hivyo, majedwali mengi ya utafiti husomwa na watu wasioijua lugha inayochunguzwa, na kosa halijitangazi daima. Mstari wa pili hapo juu unatazamanisha jino na dzitso. Anayesaka ulinganifu wa j na dz ataridhika, kwa maana sauti za mwanzo zinakubaliana. Atakachokosea ni yale yanayofuata: huenda akabuni kanuni ya kueleza kwa nini n ya Kiswahili imekuwa ts, na kanuni hiyo haipo katika lugha yoyote. Itakuwa imezaliwa na mstari uliorukwa.

Kuna hali mbaya zaidi ya hiyo. Tuseme mzee aliyehojiwa alitoa maneno mawili kwa maana moja, na mchapaji akayaandika katika mistari miwili. Ikiwa mbele kidogo mstari mwingine ulirukwa, idadi ya mistari hurudi kuwa sawa. Mwanzo wa jedwali utakuwa sahihi na mwisho wake utakuwa sahihi. Ni sehemu ya katikati tu ndiyo iliyopotoka. Hata anayehesabu mistari hataona tatizo.

Kwa nini jambo hili ni zito Kwale

Katika lugha kubwa, kosa la namna hii husahihishwa na wingi wa vitabu. Kamusi nyingine hufunguliwa na neno huonekana. Lugha za pwani ya kusini hazina akiba kubwa hivyo. Kidigo kina bahati ya kuwa na Mgombato, kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004. Kwa Kivumba na Chifundi, mtafiti bado hurejelea vijitabu vya H. E. Lambert vilivyochapishwa Kampala mwaka 1957 na 1958. Mahali ambapo ushahidi ni haba, kila orodha mpya ina uzito mkubwa, na orodha iliyopotoka inaweza kunukuliwa katika tasnifu moja baada ya nyingine pasiwe na kitabu cha kuikanusha.

Zaidi ya hayo, maswali yenyewe yanahitaji usahihi. Wasemaji wa Chifundi na Kivumba wamekaa karibu na Wadigo kwa muda mrefu. Kupambanua kati ya neno lililorithiwa kutoka kwa lugha mama ya Sabaki na neno lililokopwa kwa jirani hutegemea ulinganifu wa sauti mojamoja. Safu iliyosogea kwa mstari mmoja inatosha kuyafanya maneno ya urithi yaonekane ya mkopo, au kinyume chake. Tena kuna suala la heshima kwa aliyehojiwa. Mtu wa Msambweni aliyetenga asubuhi yake kuyajibu maswali ya mwanafunzi hakusema kwamba njia ni chitswa. Jedwali ndilo lililomsingizia.

Namna ya kujikinga

Kinga ya kwanza ni kuhesabu. Kabla ya kuunganisha, mtafiti aandike:

wc -l kiswahili.txt kidigo.txt

Amri hii huonyesha idadi ya mistari ya kila faili. Idadi zikitofautiana, kazi isimame hadi sababu ijulikane. Ifahamike kwamba amri hii huhesabu alama za kumaliza mstari. Neno la mwisho lisilofuatwa na alama hiyo halitahesabiwa.

Kinga ya pili ni kuandika pengo. Maana isiyo na jibu isirukwe; mstari wake uwepo na uwe na alama iliyokubaliwa. Inafaa alama ziwe mbili, kwa mfano HAKUNA pale ambapo msemaji alisema neno halipo, na HALIKUULIZWA pale ambapo muda ulikwisha au swali lilisahauliwa. Mapengo haya mawili hayafanani. La kwanza ni habari kuhusu lugha, la pili ni habari kuhusu utafiti. Vivyo hivyo, visawe viandikwe katika mstari mmoja vikitenganishwa kwa mkwaju.

Kinga ya tatu, ambayo ndiyo imara kuliko zote, ni kuipa kila maana namba na kuiandika namba hiyo katika kila faili, ikifuatwa na tabo kisha neno. Faili zikishaunganishwa, safu ya kwanza na ya tatu zitakuwa na namba, na kompyuta inaweza kuamriwa ionyeshe mistari ambayo namba zake hazikubaliani:

paste kiswahili.txt kidigo.txt | awk -F'\t' '$1 != $3'

Kompyuta ikikaa kimya, jedwali limenyooka. Ikitoa mistari, ule wa kwanza ndio mahali pa kuanzia kutafuta kosa. Kwa njia hii hata ile hali ya mistari miwili inayofidiana hufichuka.

Penye namba, mtafiti anaweza pia kutumia amri ya join, inayounganisha faili kwa kulinganisha ufunguo badala ya nafasi. Amri hiyo hutaka faili zote mbili ziwe zimepangwa kwa ufunguo huo. Nayo ina ukimya wake: mstari usio na mwenzake hudondoshwa, isipokuwa mtumiaji aagize kwa -a 1 na -a 2 kwamba ubakizwe. Neno linalopatikana katika lahaja moja tu, ambalo pengine ndilo lenye thamani kubwa kwa mtafiti, linaweza kupotea hivyo.

Kinga ya nne inahusu faili zilizoandikwa katika Windows. Mistari ya faili hizo huishia kwa alama mbili badala ya moja, na ile ya ziada hubaki imejificha katikati ya jedwali baada ya kuunganishwa. Kitenganishi kikiwa tabo, maneno mafupi huonekana sawa kwenye kioo ingawa alama imo. Kitenganishi kikiwa mkato, safu ya pili huonekana kuifunika ya kwanza. Dawa yake ni kuisafisha faili kwanza:

tr -d '\r' < kiswahili.txt > kiswahili_safi.txt

Nje ya orodha za maneno

Suala hili haliishii kwenye orodha za maneno mia moja. Matini sambamba zinazotumiwa kufundishia kompyuta kazi ya tafsiri hupangwa kwa kanuni hiyohiyo: faili mbili, sentensi moja katika kila mstari, na sentensi ya kumi ya lugha moja ni tafsiri ya sentensi ya kumi ya lugha nyingine. Programu ya tafsiri ya Moses, iliyotolewa mwaka 2007, ilitaka matini katika umbo hilo. Mwaka 2009 Guy De Pauw, Peter Waiganjo Wagacha na Gilles-Maurice de Schryver waliwasilisha SAWA, kongoo sambamba ya Kiingereza na Kiswahili, na sehemu kubwa ya kazi kama hiyo ni kuhakikisha kwamba kila sentensi imekaa mbele ya mwenzake halisi. Siku Kidigo au Kiduruma kitakapoandaliwa kongoo ya aina hiyo, swali la kwanza litakuwa lilelile: je, mistari inatazamana?

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba amri ya paste ni chombo chepesi, cha bure na chenye manufaa kwa mwanafunzi wa lugha. Kwa mstari mmoja wa maandishi, humpa jedwali ambalo lingemchukua siku nzima kuliandika kwa mkono. Imedhihirika pia kwamba chombo hiki hutii mpangilio bila kuuliza. Usahihi wa jedwali hautoki kwenye amri. Hutoka kwenye daftari la nyanjani, kwenye mstari ulioachwa wazi kwa makusudi, na kwenye namba iliyoandikwa kando ya kila neno.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Mwanafunzi anayejiandaa kwenda Diani, Msambweni au Vanga atafanya vyema kuzipa namba maana zake kabla ya kupanda matatu. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na mstari uliorukwa hautakuwa na mahali pa kujificha atakaporudi.